Kabla Hujatuma Hela ya Pikipiki: Jua cc 100 Inaweza Nini na Inashindwa Wapi

Ijumaa jioni, tukikaa pamoja tunaotoka Afrika Mashariki, mazungumzo ya hela hayachukui muda kabla ya kufika kwenye pikipiki. Kiwanja ni ghali, duka linataka mtu wa kulisimamia, ng'ombe anataka malisho. Pikipiki inaonekana rahisi: unatuma hela, mdogo wako ananunua, kesho yake yuko kijiweni, na jioni hesabu inaingia kwenye simu.

Sisi pia tulifikiri hivyo. Tuko sita kwenye upatu wetu hapa Muscat: wanne tunafanya kazi saiti za ujenzi, wawili ni kina dada wa kazi za ndani. Zamu ya mwenzetu mmoja ilipofika, alichukua hela ya mzunguko, akaongeza na akiba yake, akamtumia mdogo wake anayeishi kijijini juu ya Lushoto, mkoani Tanga. Wote tulimshauri kwa sauti moja: chukua cc 100, bei nafuu, haili mafuta, na chenji mpe mama.

Miezi minne ya kwanza hesabu ilikuja vizuri. Mwezi wa tano ikaanza kukatika. Mwezi wa sita mdogo mtu akaomba hela, mtoto anaumwa. Mwezi wa saba akaomba tena, safari hii ada ya shule. Mwezi wa nane akaacha kupokea simu. Tukasema lile ambalo watu wa mbali husema: kijana amekula hela. Kaka mtu akaapa hatatuma tena hata senti, na kweli hawakusemeshana mpaka alipokwenda likizo.

Alipofika aliikuta pikipiki imeegemezwa nyuma ya nyumba, injini imefunguliwa, vyuma vimewekwa kwenye mfuko wa sandarusi. Mdogo wake akamtolea daftari. Klachi mara mbili. Cheni na sproketi. Ringi za pistoni. Hela ya "mtoto anaumwa" na hela ya ada zote zilikwenda kwa fundi. Aliona aibu kusema pikipiki ya kaka imemfia mikononi. Kazi yake ilikuwa kupandisha gunia la viazi kutoka mabondeni mpaka barabarani, na siku ambazo hesabu haijatimia alipakia mawili.

Kijana hakuiba. Alikosea kuficha, lakini sisi tulikosea kabla yake. Tulinunua mashine bila kuuliza itafanya kazi gani na wapi. Ndiyo maana tunaandika haya.

cc maana yake nini kwa mtu wa kawaida

cc ni ukubwa wa nafasi ndani ya injini ambamo mafuta na hewa huungua. Nafasi ikiwa ndogo, nguvu nayo ni ndogo. Boxer ya cc 100 inatoa nguvu farasi kama 8. Ile ya 150 inatoa kama 12. Ukitaka kulinganisha, Vitz ya zamani yenye injini ya lita moja ilikuwa na kama 70. Kwa hiyo tunaongelea injini ambayo haina akiba kubwa ya nguvu. Ikiwa na mtu mmoja barabara ya tambarare, inatosha na kubaki. Ukiipa zaidi ya hapo, kila kitu unachoongeza kinakula ile akiba ndogo.

Tena kuna jambo la kimo. Kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari, hewa inakuwa nyepesi na injini ya namna hii inapoteza takriban asilimia 10 ya nguvu yake. Lushoto iko karibu mita 1,400. Njombe na Kericho ziko juu zaidi. Ile nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi ya dukani haifiki yote kule juu, hata pikipiki ikiwa mpya kabisa.

Mzigo: fanya hesabu ya kilo

Pikipiki ya aina hii yenyewe ina uzito wa kilo 110 hadi 125 hivi. Vitabu vya pikipiki nyingi ndogo huruhusu mzigo wa kilo 130 hadi 150 hivi, na hapo dereva yumo ndani ya hesabu. Dereva wa kilo 65 akishakaa, kilichobaki ni abiria mmoja wa kawaida na mfuko wake. Basi.

Sasa chukua gunia la viazi la kilo 100. Gunia moja tu limeshapita au limegusa mpaka. Likiwa lumbesa, limepita mbali. Mawili, pikipiki na dereva wake jumla inazidi kilo 370. Injini ile ile iliyopangiwa kupandisha mtu mmoja sasa inapandisha uzito zaidi ya mara mbili, na haikuongezwa hata farasi mmoja.

Kinachokufa kwanza ni klachi. Dereva akiona pikipiki inataka kuzimika mlimani, anaishika klachi nusu na kuzidisha moto. Sahani za klachi zinasuguana, zinapata joto, zinaisha. Baada yake cheni inavutika na meno ya sproketi yanachongoka. Tairi la nyuma linalika, shokapu zinalala, spoku zinakatika. Mwisho ni pistoni na ringi, na hapo utaona moshi wa bluu na oili inapungua bila kuvuja popote.

Mshikaki nao ni mzigo. Sheria Tanzania na Kenya ni abiria mmoja tu kwa pikipiki. Watu wengi wanadhani ni usumbufu wa askari, lakini abiria wawili ni zaidi ya kilo 120 bila dereva.

Kupanda ni gharama, kushuka ni hatari

Injini hizi nyingi zinapozwa na upepo. Hazina maji wala feni. Pikipiki ikikimbia, upepo unapita kwenye mapezi ya injini na kuchukua joto. Ikipanda polepole gia ya kwanza na mzigo mzito, injini inafanya kazi kubwa kuliko wakati wowote na upepo ni mdogo kuliko wakati wowote. Dawa ni kupumzisha injini njiani na kupunguza mzigo. Kuimwagia maji ikiwa ya moto si dawa, chuma kinaweza kupasuka.

Kushuka ndiko kunakoua. Kutoka Lushoto mpaka Mombo barabara inashuka karibu mita 1,000 kwa kilomita 33 hivi, kona juu ya kona. Vijana wengi wanaweka gia huru ili kuokoa mafuta. Hapo injini haisaidii tena kushikilia, breki peke yake ndiyo inabeba kilo zote, inapata joto, na mwisho inakanyagwa haishiki. Kanuni ya wazee wa barabara ni rahisi: mlima unaoupanda kwa gia ya pili, ushuke kwa gia ya pili. Mafuta utakayookoa kwa kushuka na gia huru hayafiki bei ya bandeji.

Barabara kuu

cc 100 ikiwa na mtu mmoja inaweza kufika kilomita 80 kwa saa na kidogo. Ikiwa na abiria na mzigo, upepo wa mbele ukivuma, inabaki kwenye 50 au 60. Tanzania mabasi yanaruhusiwa kwenda mpaka 80, na wote tunajua wengine wanavyokimbia. Maana yake pikipiki inapitwa muda wote, na ikitaka kulipita lori haina nguvu ya kumaliza haraka. Inabaki upande wa pili wa barabara muda mrefu mno. Kwa hiyo kama kazi ya ndugu yako ni kutoka mji mpaka mji kwa barabara kuu kila siku, cc 100 si chombo chake. Ndani ya mji, vichochoroni, kijijini kwenye tambarare, hapo ndipo inapofaa.

Oili ni chakula cha injini

Boda anayekimbia kilomita 100 kwa siku anafikisha kama 2,600 kwa mwezi wa siku 26. Injini ndogo ina oili kama lita moja tu, na oili hiyo hiyo ndiyo inayolainisha injini, gia na klachi. Kidogo hicho kinachoka haraka. Pikipiki mpya inataka oili ya kwanza imwagwe mapema, ndani ya kilomita 500 hadi 1,000, na kipindi hicho isibebeshwe mizigo wala kukimbizwa. Mwambie ndugu yako asome kitabu chake, na akibeba mizigo asisubiri mwisho wa kipimo kilichoandikwa.

Hesabu unayopanga huku inapanga mzigo kule

Hapa ndipo tulipojifunza kwa uchungu. Tuseme, kwa mfano tu, pikipiki imegharimu shilingi 2,700,000 na umepanga hesabu ya 8,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Unapata 208,000 kwa mwezi, na hela yako inarudi baada ya miezi 13. Inapendeza kwenye karatasi. Lakini hakuna oili, hakuna cheni, hakuna tairi, hakuna bima humo.

Sasa kila siku 1,500 ibaki kule kama hela ya matengenezo, kwenye laini ya simu isiyoguswa kwa kazi nyingine. Mwezi ni 39,000, mwaka ni 468,000. Wewe unapata 169,000 kwa mwezi, na mtaji unarudi baada ya miezi 16. Umechelewa miezi mitatu, lakini baada ya hiyo 16 bado una pikipiki.

Hesabu ikiwa kubwa kuliko uwezo wa eneo, kijana hana njia nyingine. Atapiga mshikaki, ataongeza gunia, atakimbia usiku, ataruka oili. Ukisikia hesabu imekatika, usianze na "umekula hela". Anza na "pikipiki ina tatizo gani?" Na mwambie mapema, siku ile ile unayotuma hela, kwamba kuharibika si kosa, kosa ni kuficha.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutuma

1. Itabeba nini: abiria au mizigo? Ya kilo ngapi?
2. Kijiji ni tambarare au milima? Lami au vumbi? Masika panapitika?
3. Fundi na spea za aina hiyo vinapatikana umbali gani? Pikipiki ya bei nafuu isiyo na spea ni chuma chakavu kinachosubiri siku yake.
4. Dereva ana leseni ya daraja linalotakiwa? Tanzania pikipiki ya cc zaidi ya 125 inataka daraja A.
5. Bima ni ipi? Bima ndogo inalipa uliyemgonga, haitengenezi pikipiki yako.
6. Kofia ngumu ni mbili, ya dereva na ya abiria? Ziingize kwenye bei ya kununulia.
7. Kadi itaandikwa jina la nani, na nani ataishika?

Kama kazi ni abiria kwenye tambarare, cc 100 inatosha na mafuta utayashukuru. Kama ni abiria kwenye milima, ongeza hela uchukue 125 au 150, hata ikibidi kusubiri mzunguko mwingine wa upatu. Kama ni magunia kila siku, hata 150 inadanganya tu. Hapo fikiria guta la matairi matatu, au ungana na mwenzako, kwani pikipiki mbili zikibeba gunia moja moja zinadumu kuliko moja inayobeba mawili.

Ilivyoishia

Kaka mtu alikaa likizo mwezi mmoja. Alilipia injini ikafungwa upya, kisha hawakuirudisha milimani. Mdogo wake aliishusha Mombo, akapanga chumba, akaanza kubeba abiria kule chini kwenye tambarare. Hesabu walishusha mpaka 6,000, na 1,500 nyingine kila siku inakwenda kwenye laini ya matengenezo. Kila Jumapili kijana anatuma picha ya daftari. Ni pikipiki ile ile, injini ile ile, na mpaka tunaandika haya haijafunguliwa tena.

Viazi vya kule juu bado vinahitaji kupandishwa barabarani. Hilo gunia linasubiri zamu nyingine ya upatu, na safari hii tumeshakubaliana hatutashauri kitu kabla ya kumpigia simu yule atakayeiendesha.