Je, Wajua? Ushauri kuhusu pombe una bei yake

Je, wajua kwamba Kenya ni miongoni mwa nchi sita zilizotumika kuunda kipimo maarufu cha ulevi duniani? Kinaitwa AUDIT, kazi ya Shirika la Afya Duniani ya miaka ya 1980. Maswali ni 10, kila jibu lina alama 0 hadi 4. Ukifikisha 8, mhudumu ana sababu ya kuketi nawe mkazungumza. Ukifikisha 20, unapelekwa kwa mtaalamu.

Marekani, mazungumzo hayo yana namba zake kwenye bili: 99408 kwa dakika 15 hadi 30, na 99409 yakizidi 30. Ukimshauri mgonjwa kwa dakika 14, hata akaacha chupa siku hiyohiyo, namba hizo hazikuhusu!

Sasa tuvuke hadi Kongo (DRC). Kambi ya Lusenda, katika eneo la Fizi, ilifunguliwa mwaka 2015 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, yalitoa mwongozo wa afya ya akili wakati wa dharura kama hiyo, wenye sehemu nzima juu ya pombe na dawa za kulevya. Uliandikiwa wahudumu wa kawaida, si mabingwa wa afya ya akili.

Mwongozo ni jambo moja, malipo ni jingine. Wakongo wengi hugharimia matibabu kutoka mfukoni. Aliyekuja kutibiwa malaria atashangaa kudaiwa pia faranga za kuulizwa habari za kasiksi yake, yaani pombe ya ndizi.