Avtar Singh Sohal, beki aliyeipeleka Kenya miongoni mwa vigogo wa magongo

Katika kituo cha Dagoretti Corner, abiria hubishana kuhusu kandanda ya Uingereza hata kabla ya matatu kujaa. Ni nadra kulisikia jina la Avtar Singh Sohal. Hata hivyo, huyu ni mzaliwa wa jiji hili hili la Nairobi, aliyeongoza timu ya taifa wakati Kenya ilipohesabiwa miongoni mwa mataifa manne bora duniani katika mpira wa magongo.

Sohal, ambaye mashabiki walimwita Tari, alizaliwa mwaka wa 1938. Enzi hizo magongo yalistawi Nairobi kupitia shule na vilabu vya jamii ya Waasia, na yeye alichezea Sikh Union. Nafasi yake ilikuwa beki. Mchezo ulisakatwa kwenye nyasi, ambako mpira waweza kuruka ghafla ukamponyoka mchezaji. Beki alihitaji jicho kali na mikono tulivu ili kuuzima, kisha kuanzisha shambulizi.

Alishiriki Michezo ya Olimpiki mara nne: Roma 1960, Tokyo 1964, Mexico 1968 na Munich 1972. Katika mitatu ya mwisho alikuwa nahodha. Jijini Roma Kenya ilifika robo fainali, ikashindwa na Uingereza 2-1 baada ya muda wa ziada. Tokyo ilimaliza ya sita. Kati ya 1957 na 1972 Sohal aliichezea nchi yake mechi 167, idadi iliyomwingiza katika kitabu cha rekodi cha Guinness.

Kilele kilifikiwa Oktoba 1971 jijini Barcelona, katika Kombe la Dunia la kwanza la mchezo huo. Kenya ilifuzu kwa nusu fainali, ikalazwa 1-0 na wenyeji Uhispania. Katika kuwania nafasi ya tatu, ilishindwa na India 2-1 baada ya muda wa ziada.

Mbona basi umaarufu huo ukafifia? Sababu ya kwanza ni kuhama. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya sitini, Waasia wengi waliondoka nchini, na vilabu vikapoteza wachezaji pamoja na walimu wa mchezo. Ya pili ni siasa: Kenya ilisusia Olimpiki za 1976 na 1980. Ya tatu ni uwanja wenyewe. Tangu Montreal 1976, magongo ya Olimpiki yamechezwa kwenye nyasi bandia, ambazo ni ghali mno kwa shule nyingi. Nairobi ilipata uwanja wa aina hiyo, City Park, kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Mwaka uliofuata, Seoul, Kenya ilicheza magongo ya Olimpiki kwa mara ya mwisho kufikia sasa.

Sohal hakuutupa mchezo alipostaafu, bali alirejea kuwa kocha wa timu ya taifa. Maisha yake yanatukumbusha kwamba ufanisi ule haukushuka kutoka mbinguni. Ulijengwa na shule zilizokuwa na viwanja na vilabu vilivyolea vijana tangu utotoni. Palipovunjika ngazi hiyo, hata kipaji kikubwa hakikuwa na pa kupandia.