Tumbo lisilopona kwa dawa huenda ni sonona ya mtoto

MTOTO anapofikishwa zahanati mara kwa mara akilalamikia tumbo au kichwa, na vipimo vya malaria, minyoo na damu havionyeshi kitu, huenda tatizo si la mwili. Yawezekana ni sonona au wasiwasi uliopita kiasi, maradhi ambayo mtoto hana maneno ya kuyaeleza.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mmoja kati ya kila vijana saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Kwa kuwa madaktari bingwa wa fani hiyo ni wachache, mwaka 2008 shirika hilo lilianzisha mpango wa kuwawezesha wahudumu wa kawaida kuyatambua na kuyatibu matatizo hayo katika vituo vya ngazi ya chini.

Sonona ya mtoto haifanani daima na ya mtu mzima. Badala ya huzuni, mtoto huweza kuonyesha hasira za karibu, kuacha michezo aliyoipenda, kukosa usingizi au kushuka darasani. Hali hiyo ikidumu wiki mbili au zaidi na kumzuia kufanya shughuli zake, si utundu wala uvivu.

Mwenye wasiwasi hung'ang'ania mzazi, au huumwa tumbo kila asubuhi ya shule na kupona Jumamosi.

Baada ya kuchunguza magonjwa ya mwili, mhudumu hutakiwa kumhoji mzazi, kisha kuzungumza na mtoto faraghani. Kuonewa shuleni, kupigwa au kudhalilishwa ni mambo yasiyosemwa kwa urahisi mbele ya wakubwa.

Mtoto aulizwe pia waziwazi iwapo amefikiria kujidhuru. Wengi huliogopa swali hilo wakidhani litampa wazo, lakini tafiti hazikuthibitisha hofu hiyo. Akikiri, asiachwe peke yake, dawa na sumu za wadudu ziwekwe mbali, na apewe rufaa haraka.

Matibabu huanza kwa mazungumzo, si vidonge. Kwa mujibu wa mwongozo wa WHO, mhudumu asiye bingwa hapaswi kumpa dawa za sonona mtoto wa miaka 12 au chini yake, na amitriptilini isitumike kutibu sonona ya watoto na vijana. Kwa wenye umri mkubwa zaidi, fluoksetini hufikiriwa pale tu tiba ya mazungumzo isipofaa, kwa ushauri wa bingwa.

Tahadhari hiyo ina sababu. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa hizo ziwekewe onyo kwamba zaweza kuongeza mawazo ya kujiua kwa watoto na vijana. Anayezitumia huhitaji uangalizi wa karibu, hasa wiki za mwanzo.

Kwa wasiwasi, msingi wa tiba ni kuikabili hofu hatua kwa hatua. Anayeogopa shule huanza kwa kufika langoni na mzazi, kisha kukaa kipindi kimoja, hadi azoee siku nzima. Kumwacha nyumbani huikuza hofu.

Mzazi na mwalimu nao ni sehemu ya tiba: kumsikiliza mtoto, kulinda muda wake wa kulala na kumsifu kwa hatua ndogo. Kumchapa hakumponyi, humfundisha kunyamaza.