Nani Anakula Umeme Nyumbani?

Je, wajua kwamba wateja wa kwanza wa Thomas Edison mjini New York, miaka ya 1880, walidaiwa umeme kwa mizani? Mita aliyowabunia ilikuwa chupa yenye maji ya dawa ya zinki, na ndani yake vibati viwili vya zinki vimetumbukizwa. Sehemu ndogo tu ya umeme wa nyumba ilipitishwa humo, nayo ilihamisha zinki kidogo kidogo kutoka kibati kimoja kwenda cha pili. Mwisho wa mwezi mtu wa kampuni alivichukua vibati, akavipima uzito, na bili ikatokana na tofauti iliyoonekana. Mteja hakuwa na cha kusoma. Aliletewa deni, akalipa.

LUKU, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, imetufikisha mbali na hapo. Mtu ananunua mwenyewe, anaingiza tarakimu 20, anaziona uniti zake kwenye kioo na anaziona zikipungua. Tatizo ni kwamba namba ile ni ya nyumba nzima. Haisemi pasi imechukua ngapi, king'amuzi kimechukua ngapi, wala friji la mpangaji wa chumba cha nyuma limechukua ngapi. Kwa hiyo tunakisia, na mara nyingi kisio huangukia kifaa kinachonguruma. Wapo wanaozima friji kila usiku huku vifaa vingine vikiendelea kula kimyakimya.

Dawa ya kukisia ipo, na haizidi kiganja cha mkono. Ni mita ya plagi. Upande mmoja ina miguu ya kuchomeka ukutani, upande wa pili ina matundu ya kuchomekea kifaa chako, na katikati kuna kioo kidogo chenye namba: volti, ampea, wati, na uniti zilizokwisha kutumika tangu ulipoianzisha. Haihitaji fundi. Unachomeka, unawasha, unasoma.

Ndani yake mna wazo linalofanana na lile la Edison: huhitaji kuushika umeme wote ili kuupima. Umeme wa kifaa hupita kwenye kipande kifupi cha chuma chenye ukinzani mdogo sana. Ukipita hapo huacha tofauti ndogo mno ya volti, na kadiri umeme unavyozidi, tofauti nayo huzidi. Chipu husoma tofauti hiyo pamoja na volti za ukutani maelfu ya mara kwa sekunde, huzizidisha papo hapo, kisha hujumlisha.

Hilo la kuzidisha papo hapo ndilo linaloipa mita hii thamani yake. Mafundi wengi hutumia mita ya kubana waya, maarufu kama klampu. Ni kifaa kizuri, lakini kina masharti. Lazima ibane waya mmoja peke yake. Ukibana waya wa moto na wa nyutro kwa pamoja itasoma sifuri, kwa sababu nguvu za sumaku za nyaya hizo mbili zinafutana. Na klampu ya bei ndogo husoma ampea tu. Tuseme fundi amepata ampea 0.8 kwenye friji, akazidisha kwa volti 240, akakuambia ni wati 192. Kwa pasi au birika hesabu ya namna hiyo ni sahihi. Kwa friji na vifaa vingine vyenye mota, umeme na volti havipandi na kushuka kwa pamoja, hivyo wati halisi huenda zikawa 120 au 130 tu. Mteja wa nyumbani hulipia wati halisi, na hizo mita ya plagi inazijua.

Kabla hujatoa hata shilingi, nenda kaitazame LUKU yako. Kuna kitaa chekundu kinachomweka, na karibu yake pameandikwa imp/kWh pamoja na namba, mara nyingi 1000 au 1600. Maana yake ni idadi ya mimweko kwa uniti moja. Zima kila kitu, hata friji lichomoe, kisha washa kifaa kimoja tu na uhesabu sekunde kati ya mmweko na mmweko. Kama mita yako ni ya 1000, gawanya 3600 kwa sekunde hizo, nawe umepata wati. Kama ni ya 1600, gawanya 2250. Birika la wati 2000 kwenye mita ya 1000 humwekesha taa kila baada ya sekunde 1.8, kwa hiyo ni bora uhesabu mimweko 20, ambayo itachukua sekunde 36. Kipimo hiki ni bure na ni sahihi kuliko wengi wanavyodhani. Ndicho pia kinachofaa kwa hita ya kuogea iliyoungwa moja kwa moja ukutani, maana hiyo haina plagi ya kuichomeka popote.

Udhaifu wake huonekana kwenye vifaa vidogo. King'amuzi cha wati 10 humwekesha taa hiyo mara moja kila dakika sita, na hapo mita iwe karibu nawe, isiwe juu ya nguzo. Friji nalo huwaka na kuzima lenyewe kutwa kucha, hivyo dakika tano za kuhesabu hazikuambii kitu. Friji lazima lipimwe saa 24 kamili, mlango ukifunguliwa kama kawaida ya nyumba. Mita ya plagi inakaa hapo siku nzima bila kuchoka na kukupa jumla.

Kwa Tanzania jumla hiyo ina uzito wa pekee. Mteja mdogo wa majumbani, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa Sh 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Wa kundi la juu yake hulipa Sh 292. Uniti 75 ni 2.5 tu kwa siku. Friji likisoma 1.2 kwa siku, limechukua 36 kwa mwezi, karibu nusu ya haki yako. King'amuzi kile cha wati 10 kisipozimwa ukutani hufikisha 7.2. Sasa chukua birika, ambalo wati zake 2000 huwatisha watu: kuchemsha lita moja ya maji hakufikii hata sehemu ya nane ya uniti, kwa sababu linafanya kazi dakika chache tu. Kifaa chenye wati nyingi si lazima kiwe ndicho kinachokula zaidi. Saa ndizo zinazoamua.

Ukienda kununua, Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi, dai mita ya volti 230 hadi 240 yenye plagi ya miguu mitatu bapa kama soketi zetu. Usiagize kwa ndugu aliyeko Marekani ile iitwayo Kill A Watt. Ni kifaa bora, lakini kimetengenezwa kwa soketi za kwao za volti 120, na kwetu utakiunguza. Ya miguu ya duara inayohitaji adapta iache pia, hasa kama unataka kupima birika au pasi, kwani adapta hafifu hupata moto. Usipite ampea 13. Na usiamini sana inachosema chini ya wati mbili au tatu. Mita za bei nafuu hukosea huko. Ukifika nyumbani ijaribu kwa birika na uilinganishe na mimweko ya LUKU. Zikikaribiana, una mita nzuri.

Kazi yake kwa nyumba moja huisha ndani ya wiki, na kwa sababu hiyo maktaba nyingi za Kanada na Marekani huziazimisha kama vitabu. Kwetu wangeanza wapangaji wanaochangia LUKU moja, ambao kila mwezi hugombana kuhusu mwenye friji na asiye nalo. Changeni mnunue moja. Pimeni friji la kila mmoja saa 24, wote wakiona namba kwenye kioo, kisha ndipo mkae kikao cha kupanga nani alipe kiasi gani.