Paje ya Leo na Mashamba Yetu



Wazee wetu wa Pemba wanakumbuka jahazi zilizokuwa zikishusha wachumaji kutoka Makunduchi na pwani ya kusini ya Unguja, na pishi zikipimwa hata magharibi. Siku hizi ukiuliza wako wapi, jawabu ni moja: hotelini. Basi tulipopata shughuli Unguja, tuliona heri tufike Paje tukatazame wenyewe.

Paje ilikuwa mji wa wavuvi na minazi. Wanawake wakifukia makumbi mchangani, wakiyafukua baada ya miezi, wakayapiga na kusokota kamba. Mwaka 1989 kikaja kilimo cha mwani, nao wakapata fedha zao wenyewe. Hoteli zilianza kuongezeka baada ya sheria ya vitega uchumi ya 1986. Leo, maji ya bamvua yakitoka, mwanamke huinama kwenye vijiti vyake vya mwani huku akichungulia juu, maana wageni huteleza majini wakivutwa na tiara kubwa. Hatusemi kuwa wageni ndio walioharibu mwani. Joto la bahari nalo limeudhuru sana. Wala hatuwalaumu vijana. Mshahara wa mwezi haungoji mvua, na nani kati yetu hapendi mwanawe aezeke bati?

Lililotutia wasiwasi ni ardhi. Kwa desturi yetu mtu humiliki mti alioupanda, na sheria ya 1992 yasema ardhi yote ni ya umma. Ulichonacho ni haki ya kuitumia. Kwa hivyo aliyetoa kiwanja alihesabiwa minazi, akalipwa, basi. Mzee mmoja alituonyesha ukuta, akasema minazi yake kumi na minne ilikuwa ndani. Sasa huzunguka mbali kuifikia ngarawa yake. Fedha zile, alisema kwa kucheka, zilikwisha kabla ukuta haujakauka.

Hoteli zimekwisha fika Kigomasha, nasi tunasikia madalali wanatembea. Mkarafuu hukaa miaka sita au zaidi ndipo uzae, kisha hulisha hata wajukuu. Dalali huuhesabu mara moja tu. Na wenye eka tatu walizopewa na Serikali baada ya 1964 wakumbuke kwamba walipewa kulima, si kuuza.

Mwanachama yeyote atakayefikiwa na dalali aje kwanza ofisini na karatasi zake, kabla hajapokea arubuni. Tupo kila siku asubuhi, isipokuwa Ijumaa.