Tanbihi Katika Ramani ya Mambo Kale ya Kilimanjaro

Mwaka 1971 Knut Odner alichapisha katika jarida la Azania taarifa ya awali ya uchunguzi wa akiolojia kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Taarifa hiyo ingali inasomeka, kwani karatasi haidai programu ya kuifungua. Taabu huanza pale mtafiti aliyeko Moshi anapotaka kuhamishia alama za ramani za zamani kwenye kompyuta. Ramani za upimaji zilizotumia msingi wa vipimo uitwao Arc 1960 hazilingani na msingi wa WGS84 unaotumiwa na vifaa vya setilaiti. Alama isiyogeuzwa hukosea kwa takribani mita 300. Tambarareni kosa hilo huenda likavumilika. Mlimani ni kuvuka korongo na kuingia kihamba cha ukoo mwingine.

Tangu mwaka 1996 jarida la Internet Archaeology la Chuo Kikuu cha York limechapisha kazi ambazo msomaji anaweza kuzichunguza, si kuzisoma tu: hubonyeza alama ya ramani akapata picha, vipimo na maelezo. Ramani ya namna hiyo ikitengenezwa kwa mifongo, ile mifereji ya maji ya Wachaga, sehemu yake yenye thamani kuu itakuwa tanbihi. Picha ya mfereji haisemi zamu ya maji ilikuwa ya nani.

Tanbihi nayo huandikwa kwa lugha, na lugha ina mitego yake. Kamusi husema shamba ni ardhi iliyolimwa. Mchaga asemapo anakwenda shamba, mara nyingi anashuka kwenye mahindi na maharage ya tambarare. Migomba na kahawa vinavyozunguka nyumba viko kihambani. Mchora ramani akiandika “shamba” juu ya migomba ya Marangu atakuwa ameandika Kiswahili sanifu na kosa la akiolojia kwa mkupuo mmoja, na atakayehesabu makazi ya kale kwa kutumia ramani hiyo atalirithi kosa hilo bila kulijua. Neno la wenyeji halina budi kubaki, pamoja na jina la aliyelitamka, ikiwa ameridhia, na tarehe. Mwalimu Nathaniel Mtui alifariki mwaka 1927, lakini kwa kuwa aliacha maandishi ya historia ya Wachaga, Kathleen Stahl aliweza kuyatumia katika kitabu chake cha mwaka 1964.

Je, tanbihi za kompyuta zitadumu miaka hiyo thelathini na saba? Mwishoni mwa mwaka 2020 programu ya Flash iliachwa na watengenezaji wake, na michoro mingi iliyoitegemea ikakoma kufunguka. Tanbihi iliyofungwa ndani ya mchoro hufa nao. Iliyowekwa kando, katika faili la maandishi matupu lenye namba ya kila alama na jina la msingi wa vipimo, huweza kuunganishwa na ramani mpya. Nakala yake yaweza hata kupigwa chapa.

Si kila tanbihi, hata hivyo, ifaayo kutolewa hadharani. Kihambani mna makaburi, na masale yaliyopandwa hapo si pambo. Baadhi ya mahandaki ya kujifichia wakati wa vita huonyeshwa wageni; mengine yamo katika ardhi ya familia zisizotaka wageni. Kwa hayo, nakala ya hadharani hutaja kijiji tu, na alama kamili hubaki katika nakala ya hifadhi, pamoja na masharti ya aliyeruhusu ipimwe.