Shimo la mu telefone: pima kamba mbele ya kushuka

Michezo ya kasino na pari ya mupira imeingia katika makambi, katika makartie na hata kando ya mashimo. Tunaeleza hapa namna michezo hiyo inavyofanya kazi, namna ya kutambua kampani yenye ruhusa, na namna ya kulinda mushahara wa nyumba.

Siku ya mushahara, mbele ya jua kuingia, mustari kwenye kabine za Kolwezi unakuwa murefu. Kuna mwenye kutoa feza ya unga, kuna mwenye kumutumia mama yake kitu kidogo kijijini, na kuna wale wanaoingiza feza katika telefone na kurudi pembeni, kichwa chini, kidole juu ya kioo. Hao tunawajua wote. Ni wandugu zetu, ni waume zetu, ni watoto wetu. Na tuseme kweli: wamoja wao ni sisi wenyewe.

Tuliikala na baba mumoja, mufanyakazi wa kampani ndogo inayofanya kazi ndani ya mine kubwa. Ana watoto wane. Alikubali kutueleza mambo yake, lakini jina lake tuliache.

« Siku ya kwanza nilishinda dola makumi kenda, alisema. Nikasema: kumbe feza iko mu telefone, mi nasumbuka bure na kaske ku kichwa! Kisha juma mbili, ile makumi kenda ilirudi kwao, na ingine yangu ikaifuata. Nikaanza kucheza usiku. Bibi yangu analala, mi niko naangalia ile ndege inapanda. »

Mwezi wa tatu, mushahara wa dola 280 uliisha kwa siku mbili. Alienda kwa bank lambert, ni kusema kwa mutu wa kartie anayekopesha: chukua 100, rudisha 150 mwisho wa mwezi. Bibi yake alijua siku mutoto wa pili aliporudishwa kutoka masomo juu ya minerval. « Aliniuliza: feza ya mutoto iko wapi? Nilibakia kimya. Nilikuwa najua wapi iko, lakini namna gani nitasema? »

Hatuandiki hapa ili kutukana mutu. Mwenye kutaka kucheza atacheza, na kuna wengi wanaocheza franka kidogo siku ya mupira bila nyumba kutetemeka. Lakini tangu Februari 2025, wakati Serikali iliposimamisha kutuma kobalti inje ya inchi, na hata kisha Oktoba mwaka ule ilipoweka kiasi kwa kila kampani, feza inaingia kwa shida katika nyumba nyingi. Na wakati feza inakuwa ngumu, njo telefone inaonekana sawa shimo lenye teneur nzuri. Basi tuangalie lile shimo kwa karibu.

Métorex ya kasino

Muchimbaji yeyote aliyepeleka mufuko wake kwenye depo anajua Métorex, ile mashini inayopima teneur. Anajua pia kwamba mwenye kushika mashini ndiye mwenye neno la mwisho. Kwenye kasino ni vile vile, ila kuna tofauti moja: teneur imekwisha kuandikwa mbele ya wewe kufika, na ni kwa faida ya nyumba.

Tuchukue roulette ya namna ya Ulaya. Gurudumu lina namba 37, tangu 0 mpaka 36. Ukiweka franka 1 000 juu ya namba moja na namba ile ikitoka, wanakupa faida mara 35. Lakini namba ziko 37, haziko 36. Ile namba moja ya zaidi ndiyo mushahara wa kasino. Inaonekana kidogo, ni karibu 2,7 kwa mia. Hawahitaji kuiba. Wanahitaji tu wewe uendelee kucheza.

Mchezo wa ndege unaoitwa Aviator, unaopendwa sana na vijana, mwenye kuutengeneza anatangaza kwamba unarudisha 97 kwa mia. Wengi wanasikia: « 97! Ni vizuri! » Lakini ile 97 haihesabiwi juu ya feza uliyokuja nayo. Inahesabiwa juu ya kila mara unayoweka. Ndege inapanda na kupotea kwa dakika moja au chini. Ukiweka franka 1 000 mara mia moja, umeweka franka 100 000, na kwa wastani umeacha franka 3 000. Kisha unarudia ile inayobaki, tena na tena. Leo unaweza kushinda, kesho pia. Mutu anayecheza kila usiku, mwisho hesabu inamufikia.

Na ile tike ndefu ya mupira? Tuseme kila mechi uliyochagua ina nafasi moja juu ya mbili. Mechi kumi pamoja ni nafasi moja juu ya 1 024. Ndiyo sababu « cote » ni kubwa. Na ikikosa mechi moja tu, usijiambie « nilikuwa karibu ». Tike iliyokosa moja na tike iliyokosa tisa zinalipa sawasawa: zero.

« Lazima nirudishe yangu »

Hili ndilo neno linalobomoa nyumba kuliko yote. Kuna wanaofundishana hesabu hii: ukipoteza, weka mara mbili, siku utashinda, utarudisha yote. Tuihesabu pamoja. Unaanza na franka 500. Kisha 1 000, 2 000, 4 000, 8 000, 16 000, 32 000, 64 000. Ni kupoteza mara nane tu kwa mufululizo, na umekwisha kutoa franka 127 500. Yote ile ilikuwa ili ushinde nini? Franka 500. Kwenye roulette, ukicheza rangi, kupoteza mara nane kwa mufululizo kunatokea karibu mara moja katika kila mianzo 200. Kwa mutu anayecheza kila siku, 200 haiko mbali.

Wengine wanasema: nyekundu haijatoka tangu zamani, sasa inapashwa kutoka. Gurudumu halina kumbukumbu. Tarehe 18 Agosti 1913, katika kasino ya Monte Carlo, rangi nyeusi ilitoka mara 26 kwa mufululizo. Watu walijaza feza juu ya nyekundu kila mara, wakisema sasa ni zamu yake. Walirudi nyumbani mifuko mitupu.

Na kwetu hapa kuna hatari ingine ambayo Monte Carlo haina. Mutu aliyelala saa kumi za usiku na telefone mukononi, asubuhi anashuka katika shimo au anapanda katika kamiyo ya mine. Macho ni mazito, kichwa kiko kwenye deni. Wengine wanakubali kushuka katika shimo ambalo wenzao wamekwisha kulikimbia, juu ya kutafuta haraka feza ya kulipa. Pale haichezwi tena franka. Inachezwa roho ya mutu.

Ruhusa: karatasi ya kwanza ya kuuliza

Ukiamua kucheza, cheza kwa kampani yenye ruhusa. Ruhusa haikufanyi ushinde. Inakupa tu mahali pa kulalamika.

Angalia chini kabisa ya ukurasa wa kampani: jina lake kamili, anwani, namba ya ruhusa na ofisi iliyoitoa. Kama hakuna kitu, toka. Kama kuna kitu, usiamini picha ya muhuri; picha inanakiliwa. Uliza SONAL, kampani ya Serikali ya bahati nasibu, kama jina lile linajulikana. Kasino nyingi za intaneti zinaonyesha ruhusa ya Curaçao, kisiwa cha huko Karibi. Inaweza kuwa ruhusa ya kweli, lakini ukikataliwa feza yako, malalamiko yako yatafika Curaçao, hayatafika Kolwezi. Ulijue hilo mbele ya kuweka franka ya kwanza.

Kampani ya kweli inauliza karatasi yako ya utambulisho na haikubali mutoto asiyetimiza miaka 18. Jaribu kutoa kiasi kidogo mapema, uone kama feza inarudi kweli katika M-Pesa, Airtel Money au Orange Money yako.

Soma pia masharti ya bonusi. Wanakupa franka 10 000 ya zawadi, lakini masharti yanasema uicheze mara 30 mbele ya kuitoa. Ni kusema utaweka franka 300 000. Kwenye mchezo unaorudisha 95 kwa mia, kwa wastani utaacha franka 15 000. Zawadi ya 10 000 imekula 15 000. Hiyo ni zawadi ya nani?

Wezi wanaozunguka pembeni

Katika makundi ya WhatsApp na Telegram kuna wanaouza programu ya « kutabiri » ndege itapotea wapi, au mechi « zilizopangwa ». Jiulize swali moja: kama angejua kweli, sababu gani akuuzie kwa dola 10? Hakuna programu ya kutabiri. Wanachotafuta ni dola zako, na mara nyingi neno lako la siri pia.

Usimupe mutu PIN yako ya mobile money wala kode inayokuja kwa mesaji, hata akisema ni « service client ». Usiweke programu iliyotumwa na mutu usiyemujua. Na ukiambiwa « umeshinda dola 2 000, tuma kwanza dola 50 ili tufungue », jua umekwisha kukutana na mwizi. Zawadi ya kweli haianzi kwa kukulomba feza.

Pima kamba mbele ya kushuka

Sheria inasema shimo la muchimbaji mudogo lisipite metre 30. Kipimo kile kiliwekwa kwa mutu aliye juu, mwenye akili baridi, maana aliye chini akiona mushipa unang'aa hawezi tena kupima. Na pari ni vile vile.

Lipa kwanza nyumba, unga, minerval, likelemba na dawa. Kinachobaki, chagua kiasi ambacho kikipotea hakuna mutu nyumbani atalala na njaa. Kiweke katika simu kadi ingine, mbali na ile inayopokea mushahara. Kikiisha, kimeisha mpaka mwezi ujao. Usicheze na feza ya deni, usicheze ukiwa umekunywa, usicheze kisha kilio wala kisha ugomvi. Na saa inne za usiku, telefone ilale.

Katika kampani zenye ruhusa, tafuta maneno haya ya Kifaransa: « limite de dépôt », inayozuia kuweka zaidi ya kiasi ulichochagua, na « auto-exclusion », inayofunga konti yako kwa miezi au zaidi. Huko Ubelgiji, ambako wandugu zetu wengi wanaishi, sheria yenyewe inaweka kipimo: euro 200 kwa juma kwenye kila kampani ya intaneti, na tangu Septemba 2024 mwenye miaka chini ya 21 haruhusiwi kucheza. Hapa kwetu usingoje sheria ikupimie. Jipimie.

Kama imekwisha kukushika

Shirika la Afya la Ulimwengu, OMS, linahesabu kushindwa kuacha michezo ya feza kati ya magonjwa. Haiko laana, na haiko ujinga. Jiulize: unaficha telefone? Unadanganya juu ya mushahara? Unakopa ili kucheza? Umejaribu kuacha ukashindwa? Ukijibu ndiyo kwa mawili, zungumza na mutu leo, usingoje mwisho wa mwezi. Anzia kwa muganga wa kituo cha afya. Lubumbashi kuna pia centre neuropsychiatrique Joseph Guislain. Kusema neno hili kwa muganga si haya.

Kwenu wamama, wababa na wakubwa wa familia: kelele peke yake haisaidii, na kulipa deni lote kimya kimya haisaidii pia, maana konti ikiwa safi anarudia. Ikaleni chini mukiwa na karatasi. Andikeni kila deni na jina la mwenye kudai. Mukubaliane nani atashika feza kwa muda. Mwenye bank lambert, muende kumuona muwili, mupange kulipa kidogo kidogo. Na musimucheke mbele ya watoto.

Yule baba wa watoto wane alifanya vile. Konti yake ya mchezo aliifunga mbele ya bibi yake, na simu kadi inayopokea mushahara iko sasa kwa mama. Kila asubuhi anapewa feza ya transport, basi. Deni bado: miezi tano imebaki. Tulimuuliza kama tamaa imekwisha.

« Hapana, haiyaisha. Siku ya mushahara mikono inaniwasha. Lakini ile siku sasa tunaikala na mama watoto, tunahesabu pamoja. Juma iliyopita mutoto wa pili alirudi na bulletin. Nilikuwa nyumbani. Niliisoma mi mwenyewe. »